Mafuta ya Utando wa Seli na Sumu ya Kipindupindu

Mafuta ya alizeti yauzwayo kwa madumu kando ya barabara mkoani Singida, yakimiminwa katika bakuli la maji, huelea. Hata yakikorogwa hujitenga tena. Kila seli ya mwili hutegemea tabia hiyohiyo. Utando wake umejengwa kwa fosfolipidi, molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana, na hivyo kutenga maji ya ndani ya seli na ya nje.

Baadhi ya mafuta ya utando hubeba minyororo ya sukari inayochomoza nje. Mojawapo, gangliosidi iitwayo GM1, ipo juu ya seli za utumbo mwembamba, na ndiyo inayoshikwa na sumu ya bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Sehemu tano za sumu huing'ang'ania GM1. Ya sita huingia ndani na kuiamrisha seli imwage kloridi bila kukoma. Maji huifuata. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza zaidi ya lita 1 kwa saa.

Hata hivyo sumu hii haiutoboi utando. Ile ya Clostridium perfringens, iletayo gangrini ya gesi, huzikata fosfolipidi zenyewe na seli hupasuka. Ya kipindupindu hufungulia maji tu, kama bomba lililoachwa wazi. Mlango mwingine wa utando uleule, upitishao sodiamu ikiandamana na glukosi, hubaki mzima, na maji huzifuata kurudi mwilini. Kwa hiyo sukari iliyomo katika ORS si ya utamu. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwapa maji ya namna hiyo wakimbizi wa vita vya Bangladesh kambini Bangaon, India. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Katika vijiji vya Manyoni au Mkalama vilivyo mbali na zahanati, saa za njiani ndizo za hatari. Mgonjwa na aanze kunywa nyumbani: pakiti 1 ya ORS katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, au, ikikosekana, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidishwe. Akitapika, asubiri dakika 10, kisha anywe polepole, na safari ya kituoni isicheleweshwe. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu mara moja.