Kukimbia Lushoto: Njia 4 nzuri, na kwa nini usihesabu kilomita

Kama umezoea kukimbia Dar, kwenye lami ya tambarare na upepo wa bahari, Lushoto itakushangaza. Kilomita ya kwanza unatabasamu. Ya pili umeshika kiuno, na mama mwenye mzigo wa kabichi kichwani anakupita huku akikupa pole.

Usijilaumu. Mlima ndio unafanya kazi yake. Lushoto, mkoani Tanga, ni moja ya sehemu nzuri zaidi nchini kwa mtu anayependa kukimbia huku akiona kitu: msitu, mabonde, mashamba ya ngazi, miamba inayoishia hewani. Ila ukija na hesabu za pwani, utarudi nyumbani unashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu.

Hivi ndivyo milima hii inavyokupima, na njia nne za kuanzia.

Kwanza, kwa nini pumzi inakata?

Mji wa Lushoto upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Hewa ni ileile, ila kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mapafu na moyo vinalazimika kufanya kazi zaidi kwa mwendo uleule.

Mwili una dawa yake: figo hutoa homoni inayoagiza chembe nyekundu za damu ziongezeke. Lakini kazi hiyo inachukua wiki kadhaa. Ndiyo maana wanariadha huweka kambi ndefu sehemu za juu kama Arusha, ambayo kimo chake kinakaribiana na Lushoto mjini, au Iten kule Kenya, kwenye mita 2,400 hivi. Wikiendi moja haikupi damu mpya. Inakupa uchovu na picha nzuri.

Kwa hiyo sahau kilomita. Kimbia kwa dakika, na tumia kipimo ambacho Lushoto inakupa bure: salamu. Kwenye njia hizi utasalimiwa na kila mtu, na wazee wanastahili shikamoo yao. Kama huwezi kutoa au kuitikia salamu kwa sentensi nzima bila kuhema, unakimbia kasi kuliko mwili wako unavyomudu. Punguza. Kwenye mwinuko mkali, tembea. Hata wakimbiaji wa milima wa kimataifa hutembea panapopanda sana.

Njia ya 1: Mjini hadi Irente

Hii ndiyo ya kuanzia. Ni takriban kilomita 6 kwenda, kwa barabara inayopita kijiji cha Yoghoi, katikati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Inapanda na kushuka, haikuchoshi kwa mpigo mmoja.

Mwisho wake ni kwenye mwamba wa Irente. Ardhi inakatika ghafla, na chini yako, kama mita 1,000, unaona tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayopotea kwenye ukungu wa joto. Mita za mwisho usikimbie. Tembea, na kaa mbali na ukingo, hasa kukiwa na ukungu au mwamba ukiwa na unyevu.

Jua likizama pale ni jambo la kusimulia, lakini kumbuka giza linakuja haraka. Kama unataka machweo, beba kurunzi au panga bodaboda ya kukurudisha. Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, maarufu kwa jibini, jamu na mkate wa rai. Ni kituo kizuri wakati wa kurudi.

Njia ya 2: Mjini hadi Magamba

Ukishazoea, geukia upande wa pili. Kutoka mjini hadi kijiji cha Magamba ni kama kilomita 7, na karibu njia yote unapanda. Hapa ndipo salamu inakuwa mtihani kweli.

Juu ya kijiji unaanza Msitu wa Mazingira Asilia Magamba, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kilele chake kinafika kama mita 2,300. Ndani kuna miti mirefu ya mkulo, mbega weusi kwa weupe, na handaki la Wajerumani la enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia.

Msitu huu ni hifadhi, kwa hiyo lipia kiingilio na chukua mwongozaji. Njia zinagawanyika, ukungu unashuka bila taarifa, na simu haishiki kila mahali. Mwongozaji anayekimbia nawe ni bora kuliko ramani ya simu iliyogoma kufunguka.

Njia ya 3: Soni kuelekea Sakharani

Soni ni mji mdogo wenye maporomoko ya maji, katikati ya safari ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Achana na lami, shika barabara ya vumbi ya kuelekea Sakharani, misheni ya watawa Wabenedikto inayojulikana kwa divai yake na makadamia.

Ukisikia divai ya Tanzania unawaza Dodoma, na ni sawa, zabibu nyingi za nchi hii zinatoka huko. Lakini hata hapa milimani ipo. Watu wanasafiri hadi Ulaya kukimbia kwenye mabonde ya mizabibu chini ya Alpi. Sisi tuna letu, likiwa na migomba na chai kwa majirani. Kimbia dakika 40 kwenda, geuka. Divai isubiri mpaka umemaliza.

Njia ya 4: Ukingoni, Mtae na Mambo

Hii ni ya mtu mwenye siku mbili au tatu. Mtae na Mambo ni vijiji jirani vilivyo ukingoni kaskazini mwa milima, saa kadhaa kwa gari kutoka Lushoto. Unalala huko, asubuhi unakimbia juu ya ukingo huku Mkomazi ikiwa chini yako na milima ya Pare mbele. Hali ya hewa ikikubali, Kilimanjaro inajitokeza mbali.

Kuna baridi na upepo. Koti jepesi la mvua ni la lazima, hata kama asubuhi imeamka na jua.

Kushuka ndiko kunakoumiza

Wengi wanaogopa kupanda. Wanaoumia wanaumia wakishuka. Unaposhuka, misuli ya mapaja inajikaza kukuzuia usianguke, na wakati huohuo inavutwa. Hali hiyo inachana nyuzi ndogondogo za misuli. Maumivu hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na keshokutwa, ukiwa ndani ya basi la kurudi Dar.

Suluhisho: hatua fupi na za haraka, magoti yakunjwe kidogo, usiegemee nyuma. Siku ya kwanza chagua njia unayoanza kwa kupanda, ili ukishuka mwili uwe umeshapata moto.

Usikate njia katikati ya matuta

Utaona mistari ya majani marefu inayozunguka vilima kama mikanda. Yale si magugu. Mteremko wa Usambara ukiachwa wazi, mvua inabeba udongo wote bondeni.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta. Wakulima walipinga, na mpango ule ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulikuja na njia nyingine: mikanda ya majani ya Guatemala na miti, inayoshika udongo na pia kulisha ng'ombe.

Ukikata njia ya mkato kupita pale, raba zako zinafungua mfereji. Mvua inayofuata inaumaliza, na shamba la mtu linaondoka nao. Baki kwenye njia inayotumiwa na wenyeji.

Kabla hujafunga kamba za viatu

– Barabara ya lami ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, usiikimbie. Ni nyembamba, ina kona kali, na maroli ya mboga yanashuka nayo kila siku.

– Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na maporomoko ya ardhi hutokea. Juni hadi Agosti ni baridi, ila njia ni kavu.

– Anza saa 12 na nusu asubuhi, kukishapambazuka. Mwambie mtu unakolala unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.

– Beba maji na hela ndogondogo za kiingilio, ndizi au bodaboda ya dharura.

– Siku za gulio, njia ni za wenye mizigo. Ukikutana na mtu aliyejitwika, wewe ndiye unayesimama pembeni. Yeye yuko kazini.