Gari Likikaa Kimya Usidhani Limezimwa

Mwaka jana anko wangu alinunua Prius ya 2010 iliyotumika Japani, akaisajili kwenye programu ya teksi, kisha akanipa masharti: siku za wiki anaendesha yeye, Jumamosi na Jumapili naendesha mimi, na kinachobaki baada ya mafuta kinakwenda kwenye ada. Nyote mnajua bumu likichelewa inakuwaje. Nikapokea funguo bila kuuliza swali hata moja. Leseni ninayo, gari la otomatiki nimeshaendesha, sasa nini cha kujifunza?

Cha kujifunza kilikuwepo, na nusura nikijifunze kwa mguu wa mtu mwingine.

Ilikuwa mchana, nimesimama mbele ya steshenari ya karibu na chuo kuchukua kazi ya kuchapisha. Gari limekaa kimya kabisa. Kwa mtu aliyezoea magari yetu ya kawaida, kimya maana yake limezimwa. Nikakanyaga breki ya maegesho, ile pedali ndogo ya mguu wa kushoto, nikaikanyaga nusunusu kama mtu mwenye haraka, nikafungua mlango nikatoka. Gari likaanza kupiga kelele, pii, pii, pii. Sikujali. Gari lile hupiga kelele kwa kila jambo, na likiwashwa kuna dada anaongea Kijapani, nilishazoea kumpuuza. Kumbe gia ilikuwa bado kwenye D.

Kwenye foleni ya steshenari alikuwepo mwenzetu mmoja asiyeona, mwenye fimbo nyeupe. Prius ikaanza kumsogelea polepole, bila mngurumo wowote. Aliyepiga ukelele ni mama muuza karanga. Nilirukia mlangoni, nikakanyaga breki kwa mkono (naam, kwa mkono), na bampa likaishia kwenye kibao cha matangazo. Yule mwenzetu alipoelezwa kilichotokea akauliza, "Kaka, hilo gari lako lilikuwa limezimwa au lilikuwa linanivizia?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Yeye huvuka barabara kwa masikio, na mimi nilikuwa nimeleta barabarani kitu kisichosikika.

Jioni hiyo nikaanza kusoma. Nimesoma kitabu cha maelekezo, nimekaa gereji kwa mafundi wawili, nimeuliza madereva. Haya ninayoandika ni kwa ajili yenu mnaoendesha haya magari, na idadi yenu naiona inaongezeka kila muhula pale maegesho.

Tuanze na kimya chenyewe. Haibridi, au gari mseto ukipenda Kiswahili cha darasani, ina injini ya petroli pamoja na mota za umeme. Kwenye Prius hii injini ni ya lita 1.8 na mota ziko mbili: moja kazi yake kubwa ni kuzungusha magurudumu, nyingine inafua umeme na ndiyo inayoiwasha injini. Kompyuta ndiyo inayoamua nani afanye kazi saa ngapi. Ukiwa umesimama au unatambaa kwenye foleni, injini inazimwa na gari linakwenda kwa betri. Kwa hiyo sikio haliwezi kukuambia kama gari limewashwa. Kinachokuambia ni neno moja la kijani kwenye dashibodi: READY. Likiwaka, gari liko tayari kuondoka sekunde hiyohiyo, hata kama ungesikia mbu akipita.

Kuliwasha, unakanyaga breki halafu unabonyeza kitufe cha POWER mara moja. Ukibonyeza bila kukanyaga breki utapata redio na taa tu, na wengi hukaa hapo wakilaumu gari ni bovu huku betri ndogo inaisha. Kuzima ni kinyume chake: simama, bonyeza kitufe cha P, kanyaga breki ya maegesho hadi mwisho, bonyeza POWER, kisha hakikisha READY imepotea kabla hujagusa mlango. Siku hizi nafanya hivyo kwa kuhesabu kwa sauti, abiria wananishangaa.

Ule mkono wa gia nao una vituko. Ukiusukuma kwenda D ukauachia, unarudi katikati wenyewe kama vijiti vya kuchezea gemu. Kwa hiyo ukiutazama mkono huwezi kujua uko gia gani. Lazima utazame dashibodi. Tena ukiweka R linalia pii pii, ukadhani unawatahadharisha walio nyuma. Hapana. Sauti ile inasikika ndani tu, nje hakuna anayeisikia. Mimi nilirudi nyuma wiki nzima kwa kujiamini, nikitegemea mlio ambao ni wangu peke yangu.

Nchi za wenzetu wameliona hili la kimya. Ulaya, tangu Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme na haibridi zinatakiwa kutoa sauti maalumu zikiwa kwenye mwendo mdogo, na tangu Julai 2021 kila gari jipya la namna hiyo. Lakini sisi tunaendesha ya zamani. Mengi hayana kifaa hicho, na yaliyo nacho sauti yake inamezwa na bodaboda moja tu. Kwa hiyo ndani ya chuo, hasa njia za kwenda kumbi za mihadhara na kafteria, nafungua kioo, natembea mwendo wa mtu, na nikimwona mwenye fimbo nyeupe nasimama kabisa. Honi sipigi. Yule mwenzetu aliniambia honi ya karibu humchanganya, hajui arudi au aende, anachotaka ni kusikia mtu akisema, "Pita, nimesimama."

Sasa B. Anko alikuwa anaamini B ni gia ya barabara mbaya. Dereva mmoja kijiweni akaniambia ni "betri", ukiiweka unachaji haraka. Wote wawili wamekosea. B ni ya mteremko mrefu. Haibridi ikipunguza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na huko kugeuka ndiko kunakosaidia kulizuia gari. Ila mkiwa mnashuka Kitonga au mnatoka Lushoto, betri itajaa kabla mteremko haujaisha. Ikijaa haipokei tena, na mzigo wote unabaki kwa breki za kawaida, ambazo zikipata moto sana zinapoteza nguvu. B inaifanya injini izungushwe na magurudumu ili ibebe sehemu ya mzigo huo. Utasikia inanguruma bila wewe kukanyaga mafuta; usishtuke. Ukifika tambarare rudisha D, maana B tambarare inapoteza umeme ambao ungerudi kwenye betri.

N nayo ina uongo wake. Tumezoea kwenye foleni, pale Mwenge au Ubungo, kuweka N ili "gari lipumzike". Kwenye haibridi, ukiwa N betri kubwa haichajiwi hata kama injini inaunguruma. Na kwa kuwa kiyoyozi cha gari hili kinaendeshwa kwa umeme, unakaa pale unajipepea huku unakula akiba. Kaa D na mguu kwenye breki, au bonyeza P.

Kuna jambo la usalama ambalo watu hulichukulia kama mzaha, nalo ni kulala ndani ya gari au kuliacha READY sehemu iliyofungwa. Unaweza kuliacha kwenye gereji ya nyumbani likiwa kimya, ukaenda kulala ukidhani umezima. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe, na moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Marekani wamekufa watu majumbani kwa kusahau kuzima magari ya kuwasha kwa kitufe. Dereva wa usiku anayetaka kufumba macho kidogo, aegeshe mahali pa wazi na azime.

Betri ziko mbili, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Ile kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma. Kwenye Prius hii ni vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Ndogo ni ya volti 12 kama za magari mengine, ila imefichwa ndani ya buti upande wa kulia. Ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ikifa, betri kubwa hata kama imejaa haikusaidii kitu.

Kipindi cha UE nililiacha gari siku kumi na nne kwa kuwa anko alikuwa safarini. Kurudi, funguo halijibu. Betri iliyokufa iko ndani ya buti, na buti linafunguliwa kwa umeme wa betri hiyohiyo! Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara nikatafakari akili ya aliyelitengeneza. Dawa ipo: ndani ya kile kidude cha funguo kuna ufunguo mdogo wa chuma, unauchomoa, unafungua mlango wa dereva, unavuta boneti. Ndani ya boksi la fyuzi kuna kifuniko chekundu, chini yake ndiyo sehemu ya chanya. Hasi unaishika kwenye chuma kitupu cha gari, mbali kidogo. Usikosee pande. Ukigeuza waya, unaweza kuunguza vifaa ambavyo bei yake inazidi ada ya mwaka.

Betri kubwa inapenda kile tunachopenda wenyewe: hewa. Pembeni ya kiti cha nyuma, karibu na mlango, kuna tundu lenye vipasuo. Abiria hudhani ni spika. Pale ndipo feni inapovuta hewa ya kupoza betri, na hewa hiyo ni ya ndani ya gari. Nilipomwomba fundi alifungue, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi na nywele. Akaniambia, "Dogo, betri nyingi tunazoletewa hapa hazikufa kwa uzee, zimekufa kwa joto." Tangu hapo begi haliwekwi pale, koti haliwekwi pale, na gari nikiliacha juani naanza kufungua vioo kabla sijaondoka. Kuhusu kubadilisha kipande kimoja kilichokufa na kuacha 27 vilivyochoka, fundi yuleyule alikiri kuwa mara nyingi mteja anarudi. Ukisikia bei ya chini sana, uliza warantii.

Mafuta usiache yaishe kabisa. Najua tunajaza ya elfu tano tano. Lakini haibridi ikiishiwa petroli itajaribu kuendelea kwa betri, wewe utafurahi kuwa unafika, kisha betri kubwa itakauka. Na kumbuka injini huwashwa kwa umeme wa betri hiyo. Ukishaimaliza, hata ukiletewa dumu la petroli huenda gari lisiwake.

Likikuharibikia, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa yanazunguka. Magurudumu hayo yameungana na mota, na yakizunguka mota inafua umeme, hata kama umezima kila kitu. Ita gari la kubeba, au lile linaloinua mbele.

Waya za rangi ya chungwa chini ya boneti si mapambo. Hizo ndizo zinazopitisha umeme mkubwa, unaoweza kupandishwa hadi volti 650, na umeme huo unaua. Usiziguse, usimruhusu muosha magari apige maji ya presha kwenye injini, na fundi anayetaka kuzishika bila glovu za mpira za umeme na bila kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kama 10, mwambie asante na uondoke. Nilifanya hivyo gereji moja. Fundi alikasirika, akaniita mwanafunzi. Sawa tu, ni kweli.

Na maji ya Jangwani mvua zikinyesha, jamani, geuza. Sina maelezo marefu hapo.

Mwisho ni hili la dharura. Ikitokea gari linakimbia lenyewe au pedali ya mafuta imenasa, kanyaga breki kwa nguvu zote na uweke N. Likigoma, bonyeza POWER na uishikilie kwa sekunde kama tatu, au ibonyeze harakaharaka mara tatu. Kubonyeza mara moja hakulizimi likiwa mwendoni. Ukishalizima usukani utakuwa mzito na breki zitahitaji mguu zaidi, kwa hiyo ushike vizuri. Mwonyeshe hili kila unayemwachia funguo. Mimi nilimwonyesha anko, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe mwaka mzima naendesha nisichokijua."

Kibao cha steshenari nililipa kwa mapato ya wikiendi mbili. Yule mwenzetu sasa ni abiria wangu wa Jumapili, akienda kanisani. Huwa anakaa mbele, na kabla sijafungua mlango anauliza, "READY imezimika?" Nasema imezimika. Anasema, "Angalia tena."