Nguvu ya gari si kinga kwa dereva wa Kaskazini Mashariki

MNAMO Aprili 9, 2024, basi lililokuwa na abiria 51 lilisombwa na mafuriko karibu na Tula, Kaunti ya Tana River, katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Garissa. Waokoaji wa Shirika la Msalaba Mwekundu waliwatoa abiria wote wakiwa hai. Aprili 28 mwaka huo huo, mashua iliyokuwa ikivusha watu kati ya Garissa na Madogo, mahali ambapo barabara ilikuwa imemezwa na maji, ilizama na watu kadhaa wakapoteza maisha.

Misiba ya aina hiyo huwafanya wengi waamini kwamba dawa ya barabara za eneo hilo ni kupanda gari lenye nguvu zaidi. Ndiyo maana magari ya Land Cruiser yamejaa Garissa, Wajir na Mandera, yakitumiwa na polisi, hospitali, wafanyabiashara wa miraa na mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipoanzishwa mwaka 1991.

Imani hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne humfikisha dereva mbali zaidi kabla ya kukwama, na huko mbali ndiko msaada unakokosekana. Aidha, halina uwezo wowote wa ziada wa kusimama, wala halielei juu ya maji. Magurudumu manne huongeza uwezo wa kwenda tu.

Hatari kubwa kuliko zote ni maji, ingawa eneo lenyewe ni kame. Mabonde makavu ambayo wenyeji huyaita laga huweza kukaa miezi bila tone, kisha yakafurika kwa muda wa saa moja. Mvua iliyoyajaza huenda ilinyesha mbali sana, na mbingu juu ya dereva zikawa hazina hata wingu. Mto Tana hupokea maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Daua, unaopita Mandera, huteremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Mtu anayetazama anga ya Garissa ili kujua kama mto utajaa anatazama mahali pasipo.

Wataalamu wa hali ya hewa hueleza kuwa maji yanayopita kasi yenye kina cha sentimita 30 hutosha kuelea na gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi, yakiwemo yale makubwa ya porini. Sababu yake ni nyepesi. Kadiri gari linavyozama ndivyo maji yanavyolisukuma kwenda juu, na uzito unaobakia kwenye matairi hupungua. Tairi lisilo na uzito halishiki ardhi, hata liwe jipya. Mkondo nao husukuma ubavu mzima wa gari.

Isitoshe, maji ya mafuriko huwa na rangi ya udongo na huficha kilicho chini. Daraja lililoonekana zima jana laweza kuwa limechimbwa ukingoni. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, huku maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 waliangamia mbele ya macho ya waliokuwa wamesimama ukingoni.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haihusu gari hata kidogo: maji yanayokwenda kasi hayavukwi. Laga nyingi hupungua baada ya saa chache, na dereva aliyeegesha mahali pa juu akasubiri hajapoteza kitu ila muda. Asiegeshe wala kulala ndani ya laga kavu, hata kama kivuli cha miti yake kinavutia.

Maji yaliyotulia ni jambo jingine. Hayo hupimwa kwanza kwa mti mrefu, na yakiwa hayapiti katikati ya gurudumu, gari huingizwa polepole katika gia ya chini bila kubadilisha gia njiani. Anayeingia kwa kishindo hurusha maji hadi kwenye mdomo wa hewa wa injini. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa kuminya hewa, na maji hayaminyiki. Kijiko chache kikiingia ndani ya silinda, chuma kinachounganisha pistoni na mhimili hupinda au kukatika. Injini ikizimika ndani ya maji isiwashwe tena. Ivutwe nje kwanza, ikaguliwe.

Bomba refu la hewa linalopanda hadi usawa wa paa husaidia hapo, na katika vumbi husaidia zaidi. Lakini bomba hilo huilinda injini tu. Halilizuii gari kusombwa.

Mchanga una masharti yake. Katika njia za kuelekea Dadaab na Liboi, madereva wengi hukwama kwa sababu ya kuingia na matairi yaliyojaa upepo wa lami. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu. Likipunguzwa upepo hutanuka, hasa kwa urefu, na uzito wa gari husambaa juu ya eneo kubwa zaidi, kama ulivyosambaa mguu mpana wa ngamia. Tairi lililokuwa na pauni 40 laweza kushushwa hadi 20 hivi, kulingana na mzigo, na mara nyingi hilo peke yake hulitoa gari lililoonekana limezikwa.

Upungufu huo una gharama. Ubavu wa tairi laini hujitokeza nje ukakutana na visiki na miiba ya migunga, hivyo mwendo lazima uwe wa taratibu na kona zikatwe kwa upole. Tena upepo hurudishwa kabla ya kushika lami, kwani tairi laini katika kasi hujikunja mara nyingi kwa kila dakika, likapata moto na hatimaye kupasuka. Pampu ndogo inayotumia umeme wa betri si anasa katika safari hizi. Dereva asiye nayo huogopa kupunguza upepo, na anayeogopa kupunguza upepo atachimba mchanga kwa mikono.

Kosa jingine ni kupunguza upepo mchana kwa kudhani umezidi. Joto la Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35, na upepo ndani ya tairi lililotembea hupanda kwa kawaida. Kipimo cha kufuatwa ni kile cha asubuhi, tairi likiwa baridi. Umri wa tairi nao husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mitumba yanaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umekwisha kuzeeka.

Kuna madereva wa miaka mingi ambao bado hawajui kwamba katika Land Cruiser nyingi za kazi, vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele lazima vifungwe kwanza ndipo kigingi kidogo cha gia kiwe na maana. Asiyevifunga husukuma kigingi, akaendelea kuvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, kisha akalilaumu gari. Kazi hiyo yafaa kufanywa kabla ya kuingia mchangani au matopeni. Kwenye lami kavu, magurudumu manne yaondolewe: mhimili wa mbele na wa nyuma haviwezi kupishana mwendo kwenye kona, na mkazo huo huvunja gia.

Gari likianza kuzama, kuongeza mafuta ni kuchimba kaburi. Magurudumu yasimamishwe mara moja, mchanga uondolewe nyuma ya kila tairi, kisha gari lirudi nyuma kwa njia lililojia.

Kuvutana kwa kamba ndiko kunakojeruhi watu wasiotarajia. Kamba iliyokazwa huhifadhi nguvu nyingi, na ikikatika, au ndoana ikichomoka, chuma huruka kama risasi. Mnyororo si wa kuvuta kwa mshtuko. Ndoana ifungwe kwenye chesi, kamwe si kwenye bampa wala kwenye kitufe cha kukokotea trela. Blanketi zito liwekwe katikati ya kamba ili kuivunja nguvu, na watazamaji wasogee umbali unaopita urefu wa kamba yenyewe. Katika vijiji vya Kaskazini Mashariki watoto hukusanyika haraka gari linapokwama. Kuwaondoa ni sehemu ya kazi ya dereva.

Katika barabara za changarawe zenye matuta madogo kama bati, wengi huendesha kwa kilomita 80 kwa saa au zaidi kwa sababu mtikisiko hupungua. Ni kweli hupungua. Hata hivyo, hupungua kwa kuwa tairi linagusa vilele tu vya matuta, maana yake kwa sehemu kubwa ya muda liko hewani. Hapo breki na usukani hubaki na kazi ndogo, na kona ya kawaida huligeuza gari juu chini. Paa likiwa limerundikwa magunia na abiria juu yake, uzito umepanda na hatari imezidi maradufu. Magari ya miraa yamewafundisha vijana mwendo ambao hata gari jipya halikutengenezewa.

Giza nalo huleta ngamia. Mnyama huyu ana miguu mirefu, kwa hiyo gari likimgonga hukata miguu na mwili wenye mamia ya kilo huangukia kioo cha mbele na paa. Rangi yake hufanana na vumbi. Kusafiri usiku kungepaswa kuachwa kwa sababu hiyo pekee, bila kutaja usalama. Lakini usalama lazima utajwe. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa barabarani yameua maafisa na raia katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Lamu. Dereva mgeni hana budi kuuliza polisi na wenyeji hali ya njia siku hiyo hiyo ya safari, na kutojitafutia njia ya mkato porini.

Kuhusu matengenezo, injini maarufu zaidi katika pikapu hizo, ile ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, inapendwa kwa kuwa pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta na fundi wa kituo kidogo huielewa. Hata hivyo ina mkanda wa ndani unaooanisha mizunguko yake, nao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari la mkono wa pili lisilo na kumbukumbu ya mkanda huo libadilishiwe kwanza.

Kichujio cha hewa ndicho huathirika kabla ya vyote. Magari mawili yakifuatana karibu, la nyuma hunywa vumbi la lile la mbele kutwa nzima, likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Kichujio hukung'utwa taratibu au kupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Anayepuliza kutoka nje hukandamiza vumbi ndani ya karatasi. Kikiwa kimetoboka, hata tundu dogo, kitupwe. Dizeli ya mitungi na madebe huja na maji na takataka, kwa hiyo kichujio cha mafuta chenye kizibo chini kifunguliwe mara kwa mara ili maji yatoke.

Mtikisiko hulegeza nati. Zile za magurudumu, na zile zinazoshika springi kwenye mhimili, hukaguliwa kila jioni kwa spana badala ya macho. Springi iliyopasuka bapa moja humalizia nyingine safarini. Betri isiyofungwa vyema hujipasua yenyewe, na rejeta iliyozibwa na mbegu za nyasi huchemsha injini adhuhuri. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa moto. Mvuke wake umewachoma nyuso mafundi wengi.

Magari ya wagonjwa yanastahili ukaguzi huu kuliko mengine. Mama mwenye uchungu anayetolewa Hulugho au Masalani kuelekea hospitali ya rufaa ya Garissa hana saa tatu za kungoja tairi la akiba ambalo halina upepo. Katika udongo mweusi wa Ijara, ambao mvua huugeuza kuwa gundi, gari hilo hilo huhitaji minyororo ya matairi au uamuzi wa mapema wa kutumia njia nyingine.

Maji ya kunywa yasiwe chini ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na yale ya rejeta, na yawekwe katika vyombo kadhaa ili kimoja kikipasuka vingine vibaki. Mtu mmoja mahali pa kuondokea ajue njia itakayofuatwa na saa ya kufika, kwani kuna sehemu ndefu zisizo na mtandao wa simu. Gari likiharibika, abiria wabaki nalo. Linaonekana kutoka mbali na lina kivuli. Anayeondoka kwa miguu hupotea kwa urahisi.

Na gari lililovuka maji liangaliwe lirudipo nyumbani. Difu lenye moto likizama ghafla katika maji baridi hufyonza maji kupitia kipumulio chake. Kizibo kikifunguliwa na oili ikatoka nyeupe kama maziwa, yote imwagwe siku hiyo hiyo na kuwekwa mpya, na beringi za magurudumu zipakwe grisi upya kabla ya safari inayofuata.