Ganzi ya Meno: Chanzo na Tiba Yake

Mtu alapo embe bichi au anywapo maji ya barafu, huenda meno yake yakaingia ganzi. Neno hili lina maana mbili zinazopingana: ganzi ya mguu ni kupotewa na hisi, ilhali ganzi ya meno ni hisi iliyozidi, yaani maumivu makali yanayochoma ghafula na kutoweka mara kisababishi kinapoondoka. Wako wanaodhani kwamba jino la namna hiyo limeoza, wakataka ling'olewe. Huko ni kubomoa nyumba kwa sababu ya bati linalovuja, kwani jino lenye ganzi tu aghalabu ni zima.

Sehemu ya jino inayoonekana kinywani imefunikwa na enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini na haina neva. Chini yake imo dentini, nayo imetobolewa na mirija myembamba mno inayoelekea kwenye kiini cha jino, penye damu na neva. Karibu na kiini, eneo la milimita moja ya mraba laweza kuwa na mirija ipatayo 45,000, na kila mmoja umejaa majimaji.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Neva hupenya kidogo tu katika dentini, wala haziufikii uso wake wa nje. Mbona basi uso huo ukiguswa huuma? Mwaka 1900 Alfred Gysi, daktari wa meno wa Zürich, alitoa rai kwamba kinachopeleka habari ni mwendo wa majimaji yaliyomo katika mirija. Katika miaka ya 1960 Martin Brännström wa Sweden aliitilia nguvu rai hiyo kwa majaribio. Upepo huyakausha majimaji mdomoni mwa mrija, baridi huyafanya yasinyae, sukari nzito huyavuta nje. Neva zilizo ndani hushtuka.

Swali la maana, basi, ni hili: nini kimeifunua dentini? Mara nyingi ni ufizi uliorudi nyuma. Mzizi wa jino hauna enameli, na utando mwembamba unaoufunika hukwanguka upesi. Mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu, tena kwa mkaa au mchanga, hufanya kazi hiyo barabara. Ubaya ni kwamba mwenye ganzi hudhani meno yake ni machafu, akazidi kusugua. Au huogopa kupagusa mahali panapouma, uchafu ukajikusanya na ufizi ukazidi kuugua. Asidi nayo hula enameli: ndimu, ukwaju na soda zinywewazo kutwa nzima. Wengine husaga meno usingizini.

Tiba hufuata njia mbili, kuziba mirija au kutuliza neva. Mate yenyewe huiziba polepole kwa madini yaliyomo, mradi tusiikwangue tena. Dawa ya meno yenye naitreti ya potasiamu hutuliza neva, lakini hutaka subira: itumike kila siku kwa majuma mawili au zaidi kabla ya kuihukumu. Floraidi huimarisha jino, na daktari aweza kupaka ile iliyo kali zaidi, au kuziba palipolika. Mswaki uwe laini. Wa mti nao hauna ubaya, ilimradi ncha itafunwe mpaka ilainike. Baada ya kula kitu kichachu, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa hivi kabla ya kupiga mswaki, maana enameli huwa imelegea.

Yote hayo yahusu maumivu ya kupita tu. Maumivu yakidumu dakika kadhaa baada ya kunywa maji baridi, yakikuamsha usiku bila sababu, au yakikaa katika jino moja unapotafuna, huenda jino limetoboka au limepasuka na kiini kimeathirika. Hapo dawa ya meno haitafaa kitu. Mwone daktari mapema, wakati jino lingali linaweza kuzibwa.