Hospitali za kanisa mashariki ya Kongo: nani analipa ili zibaki wazi?

Nyankunde, Lemera, Ndosho, Panzi: mashariki ya Kongo, hospitali ambako familia inakimbizia mgonjwa mara nyingi iko ya kanisa. Ju ya jina hilo, wakaaji wengi wanafikiri matunzo yanapaswa kuwa ya bure, ama wazungu wa misioni njo wanatuma feza. Lakini kwa kweli mambo hayaendi hivyo, na kuyaelewa kunasaidia kujua sababu fakture iko nzito na sababu wauguzi wanagoma ama wanahama.

Mafiga matatu

Hospitali ya kanisa inakaa juu ya mafiga matatu, sawa chungu.

Figa la kwanza ni kanisa lenyewe. Ndilo lenye majengo na ndilo linachagua wasimamizi. Kwa Wakatoliki, kazi hiyo inafuatwa na ofisi ya afya ya dayosisi, ile watu wanaita BDOM. Kwa Waprotestanti, jumuiya za ECC, kama CBCA ama CEPAC, zina hospitali zao.

La pili ni Leta. Nyingi za hospitali hizo ndizo hospitali kuu za zoni ya afya. Zinafuata mipango ya wizara, na sehemu ya wafanyakazi iko kwenye listi ya Leta.

La tatu ni mgonjwa. Na huyo njo anabeba uzito mkubwa.

Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Kongo haijafika pale. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa Leta. Wengine wanapata paka primu, tena inachelewa. Kwa hiyo feza ya mshahara, ya dawa, ya kompresi na ya mazuti ya jenereta inatoka kwenye fakture ya mgonjwa. Mashirika yanasaidia, ndiyo, lakini mara nyingi kwa mradi mmoja: watoto wenye utapiamlo, wamama waliobakwa, majeruhi wa vita. Si rahisi kupata shirika la kulipa mlinzi wa usiku ama kutengeneza paa linalovuja.

Vita inapoingia

Vita inapiga mafiga yote matatu kwa mara moja. Mwezi wa Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, katika Kivu ya Kusini, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa kwenye vitanda. Munganga mkuu wa pale, Denis Mukwege, alianza upya Bukavu mwaka 1999, pamoja na CEPAC, kwenye hospitali ya Panzi. Mwaka 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani.

Kule Ituri, tarehe 5 Septemba 2002, ilikuwa zamu ya Nyankunde, hospitali ya makanisa ya Kiprotestanti iliyokuwa inapokea wagonjwa kutoka mbali sana. Wagonjwa na wafanyakazi waliuawa, na vifaa vikaporwa. Waliopona walitembea kwa miguu hadi Oicha. Hospitali kama ile haipotezi tu majengo. Inapoteza wanganga waliosomeshwa kwa miaka mingi, na shule iliyokuwa inafundisha wauguzi wapya.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea mamia ya majeruhi, ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Benki za muji zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Hata hospitali yenye feza kwenye konti inashindwa kulipa watu wake kama benki imefungwa. Wakati ule ule Marekani ilikata misaada mingi. Mama aliyebakwa anapaswa kupata dawa ya kuzuia sida mbele masaa 72 yapite. Kama dawa haiko, akirudi nyuma ya masaa hayo amekwisha kuchelewa.

Fakture isiyolipwa

Hapa njo shida kubwa zaidi inaonekana. Mhami aliyeacha shamba lake hana kitu cha kulipa. Kama hospitali inamtunza bure, nani atalipa dawa iliyochukuliwa kwa deni? Kama inamzuia mama na mtoto wake mchanga mpaka walipe, na hali hiyo inaonekana kwenye hospitali nyingi za Kongo, za kanisa na za Leta, inamnyima mtu uhuru wake na inaenda kinyume na yale kanisa linafundisha siku ya Mungu. Tena wamama wengine wakisikia habari hiyo wanaamua kuzalia nyumbani. Wanafika hospitali wakiwa wamekwisha kutoka damu nyingi, na matunzo yao yanakuwa ya bei zaidi.

Kinachoweza kufanyika

Kuna njia ambazo zinasaidia, hata kama hazimalizi shida. Mituweli ya afya, ambamo familia inatoa mchango kidogo mbele ya ugonjwa, iko inafanya kazi Bukavu na pembeni yake tangu miaka mingi. Bei moja kwa ugonjwa mzima, ikibandikwa ukutani, inamwezesha mgonjwa kujua deni lake mapema. Kamiti ya afya ya kartiye inaweza kuuliza hospitali namna feza inatumika. Na paneli za jua zinapunguza mazuti.

Lakini figa la Leta, hakuna mituweli itakayochukua nafasi yake. Muuguzi aliye kwenye listi anapaswa kulipwa. Na wenye silaha, wa upande wowote, wanapaswa kuziacha nje ya lango la hospitali: sheria ya vita inalinda mgonjwa na yule anayemtunza, hata kama mgonjwa huyo jana alikuwa adui.