Fahamu Maikro-RNA: Molekuli Ndogo Zinazotafutiwa Nafasi katika Uchunguzi na Tiba

Tarehe 7 Oktoba, 2024, wanasayansi wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walitangazwa kuwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kugundua molekuli ndogo ziitwazo maikro-RNA. Ugunduzi huo umefungua njia mbili za utafiti zenye manufaa kwa jamii: kutambua magonjwa mapema na kutengeneza dawa mpya.

Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zilezile, lakini seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya moyo, kwa kuwa kila seli hutumia baadhi tu ya jeni hizo. Maelekezo ya jeni hunakiliwa kwanza katika RNA ya ujumbe, kisha nakala hiyo husomwa ili kutengeneza protini. Maikro-RNA, ambayo ina viungo takriban 22 tu, hujishikiza kwenye nakala hiyo na kuzuia isisomwe, au kusababisha iharibiwe. Ni sawa na barua iliyokwisha kuandikwa ikazuiwa kabla ya kumfikia mtendaji.

Maikro-RNA ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 kutoka kwa mnyoo mwenye urefu wa takriban milimita 1. Umuhimu wake ulionekana zaidi mwaka 2000, ilipobainika kuwa maikro-RNA nyingine, let-7, ipo kwa binadamu na wanyama wengi. Leo zaidi ya 1,000 zinajulikana kwa binadamu.

Kuhusu uchunguzi wa magonjwa, mwaka 2002 watafiti walionesha kuwa wagonjwa wengi wa aina mojawapo ya saratani ya damu wamepoteza jeni za maikro-RNA mbili, miR-15a na miR-16-1. Mwaka 2008 ilithibitika kuwa maikro-RNA hudumu katika majimaji ya damu bila kuharibika haraka. Hivyo, sampuli ndogo ya damu inaweza kubeba dalili za ugonjwa ulio ndani ya mwili.

Hata hivyo, kipimo cha namna hiyo kinahitaji umakini. Seli nyekundu zikipasuka wakati wa kuchukua damu, humwaga maikro-RNA zake na kupotosha majibu. Aidha, maikro-RNA moja inaweza kubadilika kiwango katika magonjwa mengi tofauti.

Kwa upande wa tiba, mfano unaofahamika ni miR-122 iliyomo kwenye ini, ambayo kirusi cha homa ya ini aina ya C huitumia ili kuzaliana. Matokeo ya jaribio la dawa ya miravirsen, inayoizuia molekuli hiyo, yalichapishwa mwaka 2013. Jaribio hilo lilihusisha wagonjwa 36. Virusi vilipungua, na kwa baadhi yao havikuonekana tena katika vipimo. Wakati huohuo zilipatikana dawa za vidonge zinazoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, nazo ndizo zinazotumika sasa.

Si kila jaribio limefanikiwa. Mwaka 2016, jaribio la dawa ya saratani ya MRX34, iliyoiga miR-34a, lilisitishwa baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa ya mfumo wa kinga, yakiwemo vifo. Maikro-RNA moja hudhibiti jeni nyingi kwa pamoja. Kuigusa ni kugusa mambo mengi mwilini.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anapaswa kujihadhari na anayetangaza dawa ya maikro-RNA, au kipimo kimoja cha damu kinachotambua magonjwa yote. Nchini Tanzania, majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Anayealikwa kushiriki ana haki ya kupewa maelezo kamili, kuridhia kwa hiari na kujitoa wakati wowote.

Wakati utafiti ukiendelea, vipimo vilivyopo, vikiwemo vya homa ya ini na saratani ya mlango wa kizazi, vinaendelea kuokoa maisha. Mwananchi asiviache kwa kusubiri teknolojia ambayo bado inathibitishwa.