Mchoro Ambao Fundi Anaweza Kuusoma

Nilipoanza mafunzo kazini mwaka jana (kwetu Tanga wanaita fildi), Mama alikuwa akiniuliza kila jioni nimefanya nini. Kila jioni nilimjibu kwamba nimechora visanduku na mishale. Wiki ya tatu akachoka.

"Mwanangu, tumelipa ada yote hiyo ukachore visanduku? Si ulivichora chekechea?"

Sikuwa na jibu la maana kwa Kiswahili. Ninyi wenzangu wa chama mnajua hali ilivyo: Kiswahili chetu cha nyumbani kinatosha kuomba chumvi, kugombana na kaka na kuamkia wageni, lakini mambo ya kazi yakianza kinaishia mlangoni. Makala hii ni jibu langu kwa Mama, limechelewa miezi minane.

Ndani ya mashine nyingi tunazotumia kuna kompyuta ndogo ambayo hatuioni. Imo kwenye mashine ya kufulia, kwenye breki za gari, kwenye lifti, kwenye taa za barabarani. Hiyo ndiyo inayoitwa mifumo pachikwa. Programu zake kwa kawaida huandikwa kwa mkono, mstari baada ya mstari, mara nyingi kwa lugha ya C. Ila kuna njia nyingine. Unaanza na modeli, yaani mchoro au jedwali linaloeleza mashine ifanye nini katika kila hali inayoweza kutokea, halafu programu maalumu inausoma mchoro na kuandika mistari ya C yenyewe. Mchoro ndio chanzo, mistari ni zao lake. Mashine ikitakiwa kubadilika, unabadilisha mchoro.

Hiyo ndiyo ahadi, na ni ya zamani kidogo. Lugha ya michoro iitwayo UML ilikubaliwa kuwa kiwango cha shirika la OMG mwaka 1997, na mwaka 2001 shirika hilohilo likatangaza mpango mzima wa kujenga programu kutokana na modeli. Tulipofundishwa darasani nilidhani kazi ya kuandika mistari imebakiza siku chache. Imekuwa vingine, na sababu yake niliionja mwenyewe.

Kwanza nimlete Baba. Baba ni fundi wa lifti hapa Scarborough. Alikuwa fundi umeme Tanga kabla ya kuja, na hajawahi kuandika programu hata moja. Mwaka wa pili tulipewa zoezi la kuchora modeli ya lifti ya ghorofa nne. Nilitengeneza visanduku vya hali: imesimama mlango wazi, imesimama mlango umefungwa, inapanda, inashuka. Kati yake mishale, na juu ya kila mshale tukio linaloitoa lifti hali moja hadi nyingine, kama vile kitufe kubonyezwa au ghorofa kufikiwa. Kuna pia kidoa cheusi kinachoonyesha mashine inaanzia wapi. Changu kilielekea kwenye "imesimama ghorofa ya chini, mlango umefungwa".

Baba alipita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu. Aliniuliza mishale ni nini, nikamweleza kwa dakika mbili. Kisha akaweka kidole juu ya kidoa cheusi.

"Sikiliza, mama," akasema (nina jina la mama yake, kwa hiyo ndivyo anavyoniita). "Umeme ukikatika lifti ikiwa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ukirudi itaanzia wapi? Hapa umeandika iko chini. Haiko chini. Lifti yenyewe haijui iko wapi."

Akanieleza kwamba lifti nyingi umeme ukirudi huanza kwa kutambaa polepole hadi zikute alama ya kuzionyesha zilipo, ndipo ziwe tayari kuitwa. Hali hiyo haikuwamo kwenye mchoro wangu. Wala haikuwamo kwenye mchoro wa rafiki yangu yeyote darasani, na sisi ndio tuliosoma. Kama ningekuwa nimeandika mistari mia tatu ya C, Baba angepita na chai yake akaenda zake.

Nilikumbuka jioni hiyo nilipokuja kusoma habari ya Darlington.

Darlington ni kituo cha umeme wa nyuklia kilichopo kama kilomita 70 mashariki ya Toronto, kando ya Ziwa Ontario. Kina vinu vinne vya aina ya CANDU. Kila kinu kina mifumo miwili ya kukizima ghafla mambo yakiharibika, nayo haitegemeani: mmoja hudondosha fimbo ndani ya kinu, mwingine hupiga ndani yake kimiminika chenye gadolinium. Zamani sehemu kubwa ya uamuzi wa "zima sasa" iliachiwa rilei na saketi za umeme. Darlington uamuzi huo ulikabidhiwa programu za kompyuta katika mifumo yote miwili. Programu zikaandikwa, zikajaribiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wasimamizi wa nishati ya nyuklia wa Kanada wakauliza swali jepesi lililowatoa watu jasho: mnajuaje kwamba ni sahihi?

Msiwaone wasimamizi hao kuwa wasumbufu. Miaka michache kabla, kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa hapahapa Kanada, iliwapiga wagonjwa sita mionzi mikali kupita kiasi, mmoja wao mjini Hamilton. Programu ilikuwa na makosa ambayo majaribio ya kawaida hayakuyaona. Kwa hiyo mtu akisema "tumejaribu, inafanya kazi", ilikuwa haitoshi tena.

Mshauri aliyeitwa alikuwa David Parnas, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha Queen's kule Kingston. Alikuja na majedwali. Si majedwali ya hesabu za duka; ni majedwali ya hali na matokeo, njia iliyokuwa imeanza miaka ya 1970 kwenye programu za ndege ya kivita A-7 ya jeshi la majini la Marekani. Kundi moja la watu liliandika majedwali ya kile kinachotakiwa kitokee. Kundi jingine, bila kuyatazama hayo, lilisoma programu yenyewe na kuandika majedwali ya kile inachofanya kweli. Kundi la tatu likayalinganisha.

Nichukue mfano mmoja mdogo. Programu inahitaji kujua kama nguvu ya kinu imepanda vya kutosha ili kipimo fulani kianze kuzingatiwa. Ukiweka mpaka mmoja tu, sindano ikitetemeka juu ya mpaka huo jibu litarukaruka: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Kwa hiyo unaweka mipaka miwili. Jedwali linakuwa na mistari mitatu. Chini ya mpaka wa chini, jibu ni hapana. Juu ya mpaka wa juu, jibu ni ndiyo. Katikati, jibu ni lilelile lililokuwepo kabla. Basi. Mhandisi wa nyuklia ambaye hajui C wala Fortran anasoma mistari hiyo mitatu na kusema ndivyo au sivyo. Tena jedwali linajikagua kwa namna yake: mistari yote pamoja isiache pengo, na mistari miwili isigombee hali moja. Hayo mawili hata kompyuta inaweza kuyahakikisha.

Lilikuwa zoezi refu na ghali, na kibali cha kuwasha kinu kikachelewa kwa ajili yake. Umeme wa kwanza ulitoka mwaka 1990. Hata hivyo kibali kilikuja na sharti: programu zimekubaliwa kwa sasa, lakini ziandikwe upya kwa njia itakayowezesha kuzikagua na kuzibadilisha bila mateso yale. Katika miaka ya 1990 zikaandikwa upya, na safari hii majedwali yalitangulia na programu ikafuata. Alan Wassyng na Mark Lawford wa Chuo Kikuu cha McMaster, waliokuwa katika kazi hiyo, waliandika mwaka 2003 juu ya mafunzo yake, na moja lililonigusa ni hili: wataalamu wa nyuklia waliyasoma majedwali na kuyakubali. Ukaguzi haukubaki mikononi mwa waandishi wa programu peke yao.

Wakati huohuo, upande wa Ottawa, watu wa simu walikuwa na njia yao. Kampuni ya ObjecTime ya Kanata, iliyozaliwa ndani ya Bell-Northern Research, ilitengeneza chombo ambamo unachora sehemu za mfumo wa simu zikipelekeana ujumbe, unauendesha mchoro huo kwenye kioo, halafu unatoa programu kamili. Mmoja wa waanzilishi wa njia hiyo, Bran Selic, ni kati ya waliouingiza mtindo huo katika UML. Chombo chao kilipita mikono ya Rational na kisha IBM. Nasema haya kwa haraka, lakini kama mtu wa Ottawa anasoma hapa, jivunieni.

Sasa turudi kwangu, na hapa siandiki kwa fahari.

Kampuni niliyofanyia fildi, ambayo sitaitaja, hutengeneza vidhibiti vya vyumba vya baridi vya kuhifadhia vyakula. Tulichora, chombo kikatoa mistari ya C. Kilikuwa kimewekwa kwenye kompyuta mbili tu kwa sababu ya bei ya leseni. Wiki ya tano niliona kosa. Kompresa ikizimwa inatakiwa ipumzike dakika kadhaa kabla ya kuwashwa tena, ili mgandamizo wa gesi ndani yake usawazike. Umeme ukikatika kwa sekunde mbili na kurudi, mchoro wetu ulianza upya kana kwamba kompresa imepumzika tangu jana. Ndiyo, wasomaji, kidoa cheusi kilekile cha Baba. Nilijisikia bingwa kukiona.

Kompyuta zote mbili zilikuwa na watu. Nikafungua mistari ya C, nikarekebisha kwa mkono, nikajaribu, ikafanya kazi. Juu kabisa ya faili palikuwa na maneno ya kuonya mtu asihariri, nami nikayaruka kama tunavyoruka masharti ya matumizi. Siku kumi baadaye mwenzangu akabadilisha jambo dogo kwenye mchoro na kutoa mistari upya. Rekebisho langu likafutika lote. Kidhibiti kilikuwa tayari kwa mteja kwa majaribio. Umeme ukayumba, kompresa ikang'ang'ana kuwaka, kinga yake ikakata. Tulitafuta sababu siku mbili, na mimi ndiye niliyeipata kwa sababu mimi ndiye niliyeisababisha.

Nilipokwenda kukiri, msimamizi wangu hakunigombeza. Alifungua droo akanionyesha daftari. Ndani yake palikuwa na orodha ya marekebisho yanayotakiwa kurudishwa kwa mkono kila mistari inapotolewa upya. Kurasa kumi na moja. Nusu ya ujuzi wa kampuni ulikuwa kwenye daftari lile, si kwenye mchoro, na mchoro wenyewe hakuna fundi wa baridi aliyewahi kuonyeshwa. Hilo la pili ndilo lililoniudhi zaidi. Mafundi walikuwa ghorofa ya chini, wanazijua kompresa kama Baba anavyozijua lifti.

Si kampuni ile peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichapisha mahojiano yao na wahandisi na mameneja wa General Motors, ambako programu nyingi za magari hutokana na modeli. Moja ya kero walizokuta ni ya kawaida kabisa: mistari ya programu ukiibadilisha, ni rahisi kuona nini kimebadilika, mchoro ukibadilishwa, kulinganisha wa jana na wa leo ni kazi. Na timu ya Uingereza iliyoongozwa na Jon Whittle wa Lancaster, ikichunguza makampuni mengi, iliona kwamba kutoa programu kwa mashine sio faida kubwa kama inavyotangazwa. Mbinu hii hufaulu au hushindwa kwa mambo ya watu na taratibu zao, na makampuni mengine yaliona ni rahisi zaidi kumfundisha mjuzi wa kazi kuchora kuliko kumfundisha mwandishi wa programu.

Ningeongeza kwamba mjuzi huyo wakati mwingine anahitaji dakika mbili tu na kikombe cha chai.

Wiki ya mwisho ya fildi niliomba ruhusa nikapeleka mchoro wa kompresa kwa mafundi, umechapishwa kwenye karatasi kubwa. Waliuandika kwa kalamu pande zote. Mambo manne kati ya waliyoandika yalikuwa kwenye daftari la msimamizi. Matatu hayakuwa popote. Msimamizi aliichukua karatasi na kusema ataiangalia. Sijui kama aliiangalia, mkataba wangu uliisha Ijumaa ile.

Mchoro wa lifti bado uko ukutani nyumbani, juu ya meza yangu, na kisanduku kipya cha "inatafuta ilipo". Juzi Baba alipita tena akautazama muda mrefu. Mama alikuwa nyuma yake, amekunja mikono.

"Na moto ukiwaka?" Baba akauliza. "Wazimamoto wanaichukuaje?"

Mama akaniangalia. "Haya, mwanangu, chora kisanduku."